Watu Kumi na Mmoja Niliowakuta na Ukoma

Ninyi vijana wa maabara mmeniomba niwaandikie maneno machache kabla sijasahau. Nimekubali, kwa sababu wiki tatu za kustaafu zimetosha kunionyesha kwamba nyumbani kwangu hakuna mtu anayetaka kupimwa damu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mke wangu anavikumbuka kuliko mimi, na anayetaka habari hizo aende kwake na kilo ya sukari. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya siku chache ambazo mpaka leo nikizifikiria nashusha pumzi.

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Dar es Salaam nilipokewa na Bwana Saleh, mpimaji mwembamba mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, ambaye alikuwa ametumia darubini tangu Waingereza hawajamaliza kufungua masanduku yao. Aliweka kioo chini ya lenzi, akaniambia nichungulie.

"Unaona nini?"

"Vidudu vya malaria, bwana," nikajibu haraka. Nilikuwa nimevisoma kitabuni usiku kucha.

"Damu ya nani?"

"Sijui, bwana."

"Basi hujaona kitu."

Nilidhani ananionea. Akaeleza, bila kuinua sauti, kwamba Mzungu aliyeshuka melini mwezi uliopita akikutwa na vidudu hivi, ndivyo vinavyomlaza. Lakini mtu mzima wa Rufiji huenda anatembea navyo tangu utotoni, anavilisha na kuvilea, na leo amekuja kwako kwa sababu ya jino. Kioo ni kilekile na vidudu ni vilevile, lakini jibu si moja. Niliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa, na ilinigharimu miaka.

Nilipangiwa zahanati moja upande wa Kibiti. Mmoja wa wagonjwa wangu wa mwanzo alikuwa mkulima kutoka Mloka, mwenye homa kali. Nikampima, nikaona malaria, nikaagiza kwinini. Siku ya tatu homa ikazidi, nikaagiza kwinini nyingine. Siku ya nne dada yake akaniuliza kwa upole kama nimewahi kumwona kaka yake akiketi. Sikuwahi. Kumbe alikuwa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia mpunga, tembo wakaja, akashuka kwa pupa na kijiti kikamchoma makalioni. Aliona haya kusema. Jipu lilikuwa kubwa kama embe, na mimi nilikuwa nikilitibu kwa vidonge. Lilipasuliwa akapona, ila kila akiniona sokoni alinicheka waziwazi. Nilimkumbuka Bwana Saleh siku ile, lakini nilimkumbuka kwa habari ya malaria tu.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Darubini ya shaba ilikuwa na kioo chini cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo siku ya mawingu kazi ililala. Rangi ya kutafutia ukoma ina hatua tatu, na ninyi mnaijua, lakini nawaandikia pia watakaowafuata. Unapaka dawa nyekundu na kuipasha moto. Kisha unaosha kwa asidi, na hapo kila kitu hupoteza wekundu isipokuwa vidudu vya ukoma na vya kifua kikuu, ambavyo ni vikaidi. Mwisho unapaka bluu. Ukichungulia ukaona vijiti vyekundu katika uwanja wa bluu, umempata mgonjwa wako. Kati ya hatua na hatua unasuuza kwa maji. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvichumvi na yaliacha unga mweupe juu ya vioo, kwa hiyo nilikinga mvua ya bati katika pipa kubwa nyuma ya zahanati. Nililitia kufuli wagonjwa wasilichezee. Nilijivunia pipa lile kuliko cheti changu.

Ndipo ukaja waraka kutoka bomani. Wagonjwa kadhaa wa ukoma walikuwa wameonekana delta, kwenye visiwa vya mdomo wa Rufiji, na watu wote wa vijiji vya wakata mikoko wapimwe, wazima kwa wagonjwa. Nilizunguka visiwani kwa mashua zaidi ya wiki mbili. Kila mtu nilimkwangua ndewe za masikio yote mawili. Ya kulia kioo chake, ya kushoto kioo chake cha akiba. Wanawake walisema serikali imeniajiri niwatoboe masikio na nimesahau kuleta vipuli. Nilicheka nao. Karibu wote walikuwa watu wa afya njema, wenye ngozi safi na mikono migumu ya kazi.

Nilirudi na masanduku ya vioo nikaanza kupaka vile vya masikio ya kulia. Kulikuwa mwisho wa kiangazi. Siku za mwanzo niliona wawili tu. Siku tatu za mwisho vijiti vyekundu vikaanza kujitokeza, hapa kimoja, pale viwili. Nilipomaliza nilikuwa na watu kumi na mmoja. Sitawaficha: nilifurahi. Mtu aliyechungulia vioo vitupu mchana kutwa, akiona kitu, moyo unaruka, hata kama kitu chenyewe ni msiba wa mwenzake. Nikaandika majina kwa mwandiko mzuri, nikampelekea daktari wa wilaya, Mwingereza mmoja mrefu mwenye maneno machache.

Jibu lilikuja upesi. Jumatatu ya wiki ya pili lori lingewachukua wote kumi na mmoja kwenda kambi ya wakoma, mbali, huko juu ya mto. Wakati huo hakukuwa na vidonge mnavyovijua ninyi. Kulikuwa na sindano za mafuta zilizouma kuliko ugonjwa, na waliokwenda kambini ni wachache waliorudi. Wenye watoto wa kunyonya wangewaacha.

Alhamisi asubuhi, siku nne kabla ya lori, alikuja zahanati mtu mmoja mfupi, mpana wa mabega, amevaa msuli na shati lililokauka chumvi. Alijitambulisha: Athumani Mbonde, mpima boriti katika bandari ndogo ya mikoko huko delta. Mkewe, Mwanahamisi, alikuwa kwenye orodha yangu. Binti yao alikuwa na miezi minane. Jumbe wa kijiji alipomaliza kusoma majina, shangazi wa mtoto alimpokonya Mwanahamisi mtoto kifuani saa ileile, mikeka yake ikachomwa, naye akahamishiwa kibanda cha pembeni mwa kijiji, mahali anaposikia mtoto akilia na haruhusiwi kwenda.

Nilijiandaa kwa machozi au matusi. Vyote nilivizoea. Yeye akavuta kigoda akaketi.

"Bwana mpimaji, mie sikuja kulia. Nimekuja kukuuliza la kazi. Hicho chombo chako hukosea mara ngapi?"

"Darubini haikosei, Bwana Athumani."

"Haya. Na wewe?"

"Nimesomea."

"Na mie nimesomea. Toka nje."

Nje palikuwa na rundo la boriti zilizoletwa kwa ajili ya kujenga jiko la wagonjwa. Akageuza panga, akaanza kuzigonga kwa mgongo wake, moja moja, kichwa amekiinamisha. Nyingi zilitoa mlio mkali. Moja ikalia bubu, akaiburuta kando. Baadaye nyingine.

"Hizi mbili nimezikataa," akasema. "Sikio langu linaniambia zina uvungu ndani. Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Unakosea kuniamini." Akachukua msumeno wa fundi, akaikata ya kwanza katikati. Ilikuwa nzima kabisa, nyekundu na yenye unyevu mpaka kwenye moyo. Ya pili nayo nzima, ila ilikuwa na fundo kubwa.

Akaketi juu ya rundo, akanieleza polepole, na niliona kwamba amewahi kuwaeleza wengi. Boriti mbovu haiponyoki sikioni mwake, akiigonga ataijua. Lakini nzima nazo, kwa kila korija, yaani boriti ishirini, moja hulia vibaya bure, kwa fundo au kwa unyevu.

"Sasa sikiliza. Zikija korija tano kutoka msitu mzuri, mbovu ndani yake ni mbili tu. Hizo nitazikamata. Na nzima nitakazozionea ni ngapi?"

"Moja kwa kila korija. Tano."

"Basi rundo nililolikataa lina boriti saba, na tano humo ni nzima. Sikio ni hilihili, zuri, mabaharia wa Kiarabu wanalijua. Ndo maana sie hatuchomi tulichokikataa. Zikitoka msitu mbovu, hapo sawa, ukikataa umekataa. Wewe umegonga visiwa vyote, bwana. Watu wazima, wanakata mikoko kutwa. Umekataa kumi na mmoja. Umemgonga nani mara ya pili?"

Nilisimama pale na jua linanichoma utosini, nikamsikia Bwana Saleh akiniuliza damu ya nani. Miaka yote ile nilidhani anasema habari ya malaria. Mbele ya mwenye baka lisilosikia sindano, vijiti vyekundu vina maana moja. Kwa mama mwenye afya, aliyepimwa kwa kuwa tu ni jirani wa mgonjwa, vina maana nyingine kabisa. Mimi niliwaandika wote kwa wino mmoja.

Nikaingia ndani, nikatoa kioo cha akiba cha Mwanahamisi, cha sikio la kushoto. Nilikipaka rangi kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia, Athumani amesimama mlangoni. Nikachungulia. Vijiti vyekundu vilikuwepo, tena vingi kuliko mara ya kwanza.

Kumwambia ilinibidi. Uso wake ukalegea kama mtu aliyepigwa, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akauliza jambo ambalo nilidhani ni la mtu anayetapatapa.

"Na leo asubuhi, kabla hujaanza, umegonga ile unayoijua?"

"Ipi?"

"Sie pale bandarini zipo boriti mbili zimelazwa langoni, haziuzwi. Moja nzima, moja ina uvungu, kila mtu anazijua. Asubuhi kabla ya kazi lazima nizigonge zote mbili. Siku nyingine una mafua, sikio linasema uongo. Ukisikia ile nzima inalia bubu, weka panga chini, nenda nyumbani. Wewe yako nzima ni ipi?"

Sikuwa nayo. Sikuwahi kuwa nayo. Basi nikachukua kisu kidogo, nikajikwangua ndewe yangu mwenyewe, nikapaka, nikachungulia.

Vijiti vyekundu.

Nawaambieni, sijawahi kuogopa hivyo, wala kabla wala baada. Niliitazama mikono yangu, nikajibonyeza vidole kimoja kimoja kuona kama vinasikia. Nilimfikiria mke wangu. Nilifikiria lori la Jumatatu, na mtu wa kumi na mbili ndani yake. Kwa mara ya kwanza nilijua nimewaandikia watu kitu gani kwa mwandiko wangu mzuri.

Athumani aliniona. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Sasa gonga isiyo na mti."

Nikachukua kioo kipya, kitupu, kisichoguswa na sikio la mtu yeyote. Nikakipitisha katika dawa nyekundu, asidi, bluu, nikakisuuza kila hatua kama kawaida. Nikakiweka chini ya lenzi. Juu ya kioo kitupu, vijiti vyekundu vilikuwa vimelala kwa raha zao.

Nilikimbia nyuma ya zahanati nikafungua kufuli. Pipa lilikuwa limebaki maji ya kina cha kiganja, na chini kulikuwa na utelezi mzito uliojilimbikiza tangu masika. Humo ndimo walimozaliwa wagonjwa wangu. Kuna vidudu vya maji visivyodhuru mtu, ndugu wa mbali wa vile vya ukoma, navyo pia hukaidi asidi. Maji yalipokuwa mengi vilikaa chini. Yalipokwisha vikapanda kwenye vioo, na ndiyo maana karibu wagonjwa wote walitokea siku tatu za mwisho. Na ndiyo maana kupima mara ya pili hakukunisaidia: nilirudia kosa kwa maji yaleyale. Nilikaa chini kando ya pipa nikacheka, nikacheka mpaka yakanitoka machozi, na Athumani akanitazama kama mtu anayefikiria aite nani.

Zahanati ilikuwa na chupa za maji yaliyotoneshwa kutokana na mvuke, ya kuchanganyia sindano. Kwa maji hayo nilijaribu kioo kitupu: safi. Sikio langu: safi. Nikapaka vile vioo kumi vya akiba vilivyobaki. Wanane safi. Wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, walikuwa na vijiti vilivyojaa kwa mafungu, wala havikutaka kubishaniwa. Nilipofungua tena daftari niliona nimeandika mwenyewe kwamba mzee yule hakusikia maumivu nilipomkwangua. Nilikuwa nimeliandika na kulipita.

"Na wangu?" akauliza Athumani.

Hapo ndipo furaha yangu ilipokatika. Kioo cha akiba cha Mwanahamisi ndicho nilichokiharibu kwanza, kwa maji ya pipa. Wenzake wote walikuwa na jibu, yeye peke yake hakuwa nalo. Nilimweleza. Nikamwambia kwamba sasa nina matumaini makubwa, kama ya boriti kutoka msitu mzuri, lakini matumaini si jibu. Alikubali kwa kichwa. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza katika kazi yangu kuelewa sentensi ile bila kukasirika. Nikafunga darubini katika blanketi, nikachukua chupa tatu za maji, tukaondoka.

Habari ya daktari niimalize hapa hapa, ingawa ilikuwa ya Jumatatu, kwa sababu ndiyo ndogo. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, nikitazama viatu vyake. Nilitarajia kufukuzwa. Akaniuliza tu kwa Kiswahili chake cha kukwaruza: "Nani mwingine ulimpima kwa maji hayo?" Ilinichukua miezi mitatu kuwafuata wote, mpaka vijiji vya Mtunda na Ngorongo. Aliyeandikiwa ukoma kwa makosa hakuwepo mwingine. Wa kifua kikuu alikuwepo mmoja, mwenye kikohozi cha tumbaku tu, naye hakunisamehe, na sikumlaumu. Wale wanane majina yao yalifutwa; wale wawili wa delta walikwenda kambini. Kijana aliishi kuona vidonge, akarudi kwao. Mzee hakuishi.

Tangu hapo mpaka nilipokabidhi funguo, sikuanza asubuhi hata moja bila vioo viwili: kimoja ninachojua kina vidudu, kimoja kitupu. Wakubwa wapya walinikuta nikifanya hivyo wakaniona mwoga anayepoteza rangi ya serikali. Fanyeni hivyo nanyi. Na mkiletewa kioo, ulizeni ni cha nani, anaumwa nini, na kwa nini amepimwa, kabla hamjainama kwenye lenzi. Mtu akiwaambia chombo hakikosei, mpeni kigoda akae, maana huyo bado hajaanza kazi.

Tulifika kijijini kwa Athumani Jumamosi ile, jua likiwa juu. Niliomba meza itolewe uwanjani, watu wote waone. Mwanahamisi akaitwa. Alikuja akasimama hatua kumi kutoka kwa wengine, kama alivyoamriwa. Ng'ambo ya uwanja shangazi alimshika mtoto begani, amempa Mwanahamisi mgongo.

"Dada," nikamwambia, "kosa ni langu. Nataka nikupime upya."

"Kaka, pima," akasema. "Masikio bado ninayo."

Nilimkwangua yote mawili. Nikapaka vioo vinne: viwili vyake, kimoja changu, kimoja kitupu. Nilichungulia kitupu kwanza, kisha changu, kisha vyake, nikavipitia uwanja kwa uwanja mpaka jicho likaniuma. Athumani alikuwa amechuchumaa, ameshika panga lake kwa mikono miwili, anatazama chini.

"Huna ugonjwa," nikasema. Nikasimama, watu wote wasikie. "Mwanahamisi, huna ugonjwa wowote. Hukuwa nao hata siku moja."

Sikupigiwa vigelegele. Athumani aliweka panga chini, akajifunika uso kwa kiganja. Mwanahamisi hakunishukuru, na sikustahili. Alikwenda kwenye mtungi akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, akajipangusa kwa kanga, kisha akavuka uwanja. Watu wakampisha. Shangazi akamnyooshea mtoto huku anatokwa na machozi.

Mtoto alimtazama mama yake, akakunja uso, akageuka kumng'ang'ania shangazi shingoni. Siku kumi ni nyingi katika maisha ya miezi minane. Shangazi alijaribu kumbembeleza, akamlazimisha, mtoto akalia zaidi.

Mwanahamisi akacheka. Akaketi palepale mchangani, miguu ameinyoosha, mikono ameifungua mapajani.

"Mwacheni aninunie," akasema. "Siku ninazo."